Nyama ya Jumatano: Nani Anapaswa Kuiacha Arusha na Moshi?

Ukiwa Arusha, sinia la nyama likapita mbele yako na usichukue, utaulizwa maswali matatu. Wewe ni Msabato? Au gauti imekupata? Au siku hizi hali ni ngumu? Imani, ugonjwa na ufukara: hizo ndizo sababu ambazo jamii yetu inazielewa. Kwamba mtu mzima mwenye afya yake na hela yake mfukoni ameamua tu kuacha, hilo bado linaonekana jambo la kuletwa na wageni. Mimi ni mmoja wa watu hao. Samaki na mayai nakula, nyama nyekundu sili, na sababu zangu ni afya na mazingira. Lakini hoja nyingi zinazotufikia juu ya jambo hili zimeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, na zinaruka swali ambalo kwetu ndilo la kwanza: katika mikoa hii yenye ng'ombe wengi na walaji wasiolingana hata kidogo, nani hasa anapaswa kuacha nyama, na nyama ipi?

Hao Wasabato wanaotajwa kila mara wanastahili kusikilizwa kabla hatujaenda mbali. Wapo Upareni tangu 1903, na mafundisho yao ya chakula yamekuwa yakichukuliwa kama sheria ya dini tu. Huko Marekani, waumini wenzao wamefuatiliwa na watafiti kwa miongo mingi. Matokeo yaliyochapishwa 2013, yaliyohusu watu zaidi ya 73,000, yalionyesha kuwa wasiokula nyama walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12 hivi wakilinganishwa na Wasabato wenzao wanaokula. Kulinganisha Msabato na Msabato kuna maana yake: wote kwa kawaida hawavuti sigara wala hawanywi pombe, kwa hiyo huwezi kusema tofauti imetokana na bia.

Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama iliyosindikwa, yaani soseji, bekoni na jamii yake, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Nyama nyekundu ikawekwa kundi la 2A, la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha. Kwa kuwa sigara nayo imo kundi la kwanza, wengi walielewa kwamba soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Makundi hayo yanapima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Hatari yenyewe imekadiriwa hivi: anayekula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku, kiasi cha soseji moja, uwezekano wake wa kupata saratani ya utumbo mpana unaongezeka kwa asilimia 18 hivi juu ya ule aliokuwa nao. Kwa kijana, ule aliokuwa nao ni mdogo. Lakini siku hizi soseji inawekwa kwenye kopo la chakula la mtoto wa chekechea asubuhi baada ya asubuhi, kama alama ya mzazi anayejali, na mtoto huyo ana miaka sitini ya kula mbele yake. Hapo sioni cha kujadili. Soseji iondoke kwenye kopo la mtoto.

Kwa nyama nyekundu hesabu ni ndefu kidogo. World Cancer Research Fund, mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani, wanashauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 kwa wiki, zikiwa zimeshapikwa. Sasa weka pembeni yake takwimu inayorudiwa na viongozi wetu wa sekta ya mifugo: kwamba Mtanzania anakula wastani wa kilo 15 za nyama kwa mwaka, na kwamba anapaswa kufika kilo 50. Gawanya kwa wiki. Kilo 15 kwa mwaka hazifiki gramu 300 kwa wiki, mbichi, na kuku yumo humo. Kilo 50 ni karibu kilo nzima kila wiki. Kama lengo hilo lingetimizwa kwa ng'ombe na mbuzi, Mtanzania wa kawaida angevuka kiwango ambacho watafiti wa saratani wanaonya, hata ukitoa maji yanayopotea jikoni. Tunalitangaza lengo hili kwenye semina na maonyesho ya Nane Nane kana kwamba ni maendeleo yasiyo na swali, na nadhani ni wakati wa kuliuliza swali.

Wastani nao unaficha. Mtu wa kilo 15 hayupo. Yupo mama wa Same anayeona nyama Krismasi na kwenye misiba, na yupo mfanyakazi wa Arusha anayekwenda Kwa Mromboo na rafiki yake, wanaagiza kilo ya choma, na wanafanya hivyo mara tatu kwa wiki. Toa mfupa, toa maji yaliyokaukia motoni, bado huyo amekula mara moja na nusu hivi ya kiwango cha juu kabisa, na sijahesabu supu ya asubuhi wala mishkaki ya njiani. Kuwaambia hawa wawili maneno yaleyale, iwe "kuleni nyama zaidi" au "acheni nyama", ni kutomsikiliza yeyote kati yao.

Na choma ina la ziada. Mafuta yanapodondokea mkaa, moshi unapanda na kurudi kwenye nyama ukiwa na kemikali ambazo maabara zinazihusisha na saratani. Nyingine hutengenezwa kwenye nyama yenyewe inapoungua. Ile pembe nyeusi iliyokauka, ambayo watu wanaigombania, ndiyo iliyobeba nyingi zaidi. Kuchemsha, kama tunavyofanya kwenye mtori, hakuleti shida hiyo. Kuhusu gauti nitasema kwa ufupi kwa sababu kila mtu ana mjomba wa kumsimulia: nyama, na hasa maini na figo, inaongeza asidi ya uriki mwilini, lakini bia na soda zenye sukari nyingi nazo zinaongeza. Anayeacha ng'ombe akabaki na kreti ya bia amefanya nusu ya kazi.

Hapa ndipo mtu husema: mbona Wamasai? Swali hili ni zuri, na lilishafanyiwa kazi. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, alichapisha na wenzake matokeo ya uchunguzi wa wanaume wa Kimasai wa hapa kwetu, waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama, na akakuta kolesteroli yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache mno. Mwaka 1972 akaongeza uchunguzi wa miili ya wanaume 50 waliofariki. Mafuta yalikuwemo kwenye mishipa ya moyo, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kiasi kwamba damu ilipita vizuri, na maelezo aliyoyapa uzito ni mwendo: watu hawa walikuwa wakitembea kutwa nzima. Tena chakula cha kila siku cha Mmasai kilikuwa maziwa. Nyama nyingi ililiwa kwa msimu, kwenye orpul, yaani kambi ya kula nyama, mbali na boma, na supu yake ilichemshwa na magome na mizizi ya miti ya dawa. Anayetoka ofisini Njiro kwa gari hadi kwenye kiti cha baa hawezi kujikinga kwa jina la mtu anayetoka Longido kwa miguu nyuma ya ng'ombe.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote haukutoka ng'ambo. Ulitoka Moshi. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa watafiti wa hospitali ya KCMC wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, uliofanywa Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili cha vijijini waliwekwa kwenye chakula cha kizungu chenye vitu vilivyosindikwa kwa wiki mbili. Waliozoea chakula cha kizungu mjini wakawekwa kwenye chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye mboga, matunda, jamii ya maharage, nafaka zisizokobolewa na vitu vilivyochachushwa. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya asili ya ndizi, kwa wiki moja. Kisha damu ikapimwa.

Walioacha chakula cha asili walipandisha viashiria vya uvimbe wa ndani, ile hali ya kinga kuchachamaa bila adui ambayo kwa miaka mingi huandaa njia ya kisukari na magonjwa ya moyo, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu zaidi zilipokutanishwa na vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata waliokunywa mbege, viashiria hivyo vilishuka. Wiki mbili tu, na sehemu ya mabadiliko ilikuwa bado inaonekana wiki nne baadaye.

Nisiutumie utafiti huu kwa ujanja. Haukuwa utafiti wa nyama peke yake; ulilinganisha mlo mzima na mlo mzima, kwa wanaume tu, kwa muda mfupi. Lakini unanipa kitu ambacho mjadala wa nyama ulikikosa hapa. Swali la Mchaga au Mmeru anayetaka kupunguza nyama huwa ni "nitakula nini, majani?", na jibu limepimwa kwenye damu ya watu wa mkoa wake: ule kilichokuwa kinapikwa kwa bibi. Kiburu cha ndizi na maharage. Loshoro ya mahindi na mtindi. Makande. Mnavu na mchicha. Nyama kwenye jikoni hilo ilikuwepo, ila ilikuwa kiungo cha mtori na machalari, vipande vichache ndani ya sufuria ya watu wanane.

Kwenye mazingira mambo yanakuwa magumu, na hapa sikubaliani na wenzangu wengi wasiokula nyama. Msingi wao ni wa kweli. Vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe husaga majani na kutoa methani, ng'ombe anapocheua gesi inatoka, na kwa kipindi cha miaka 100 methani hupasha joto dunia mara 28 hivi kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013 ilikadiria kuwa mifugo, pamoja na chakula chake na ardhi inayofyekwa kwa ajili yake, inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Ng'ombe wetu hana msamaha katika hesabu hiyo. Tena zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, anayekula nyasi kavu huchukua miaka mingi kufikia uzito wa kuchinjwa, na miaka yote hiyo anacheua. Kwa kila kilo ya nyama, anatoa gesi nyingi kuliko ng'ombe wa mashamba ya kisasa ya Ulaya.

Lakini uliza pia: ng'ombe huyo akiondoka, ardhi yake itakuwa nini? Huko Brazil ng'ombe wameingia palipokuwa na msitu. Kwenye malisho ya Longido, Monduli na Simanjiro hapakuwa na msitu wa kufyeka. Ni nyanda kame ambako mvua haitabiriki, na mfugaji amegawana nyasi hizo na nyumbu na pundamilia kwa karne nyingi. Nyumbu wa Tarangire hutoka hifadhini msimu wa mvua kwenda kuzalia kwenye nyanda za Simanjiro, katikati ya ng'ombe. Adui wa njia yao amekuwa jembe. Ndiyo maana mwaka 2005 kijiji cha Terrat kilikubaliana na kampuni za utalii kulipwa kila mwaka ili eneo la malisho lisilimwe wala kujengwa, huku ng'ombe wakiendelea kulishwa humo. Na zao linalolimwa kwenye mashamba makubwa ya Lolkisale, upande wa pili, ni lipi? Maharage. Chakula changu. Sitaki kujificha nyuma ya neno "mboga" kana kwamba halina trekta.

FAO yenyewe iliyapa heshima maisha yote mawili mwaka mmoja. Mwaka 2011 ilitambua kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, cha Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, na eneo la wafugaji wa Kimasai la Engaresero, karibu na Ziwa Natron, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Kihamba nacho kina ng'ombe ndani yake: amefungwa zizini, anakatiwa majani, na samadi yake ndiyo inayoishikilia migomba na kahawa. Mtu akikuambia uache nyama, hajakuambia umtoe ng'ombe kihambani. Yule anatoa maziwa na mbolea kwa miaka mingi.

Kwa hiyo sioni haki katika mazungumzo ya hali ya hewa yanayoanza kwa kumlaumu mfugaji wa Longido. Ukame wa 2009 uliua ng'ombe wa wilaya hiyo kwa wingi wa kutisha, na ule wa 2021/22 ukarudia Simanjiro. Watu hawa wanalipa bili ya moshi wa viwanda ambavyo hawajawahi kuviona. Mzigo uwe kwa mlaji wa mjini. Mtu ataniuliza: tukipunguza, mfugaji atamuuzia nani pale mnadani Meserani au Weruweru? Hofu hiyo inaeleweka, lakini hesabu inaituliza. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, tukiongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Kwa kasi hiyo tunakuwa mara mbili katika miaka 22 hivi. Hata kila mkaaji wa Arusha na Moshi akipunguza nyama kwa nusu, soko la mfugaji litabaki. Tutakachokuwa tumeepusha ni kuzidisha mifugo juu ya nyasi ambazo haziongezeki, na miti inayokatwa kuwa mkaa wa majiko ya choma.

Wapo ambao siwezi kuwaambia waache. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Chuma cha kwenye nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha kwenye mchicha. Mjamzito wa Hai anayekula ugali na kisamvu siku saba anahitaji nyama, dagaa na mayai, na mtoto aliyevuka miezi sita naye anahitaji. Mwanamume wa mjini akitaka kuacha nyama, afanye hivyo bila kuifanya sheria ya nyumba nzima. Anayeacha vyote vya mnyama, mpaka maziwa na mayai, ajue kwamba vitamini B12 haipo kwenye mimea. Atahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa virutubisho. Na tuzoee mambo mawili madogo: limau au chungwa pamoja na maharage husaidia chuma kufyonzwa, na chai ya rangi inayoshushwa juu ya chakula huzuia. Chai isubiri saa moja.

Protini haipaswi kumtisha mtu. Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 21 hivi, sawa na nyama mbichi au zaidi kidogo, na bei ya kilo ya nyama buchani inakununulia maharage kilo kadhaa. Mahindi yana upungufu wa lisini, kimojawapo cha vijenzi vya protini, maharage yanayo. Maharage yana upungufu wa methionini, kijenzi kingine, mahindi yanayo. Waliobuni makande hawakuwa na maabara, lakini mchanganyiko wao umekamilika. Tumezungukwa na ujuzi wa mambo haya: kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, pembeni mwa Arusha, ndiko zilikotoka mbegu za maharage kama Selian 97, na Kituo cha Mboga cha Dunia kina ofisi hapa hapa Arusha tangu 1992, kikifanyia kazi ngogwe, mnavu na mchicha ambazo sisi tunaziita chakula cha shida.

Nadhani hapo ndipo kizuizi kikubwa kilipo. Wengi wetu tulikula maharage ya shule ya bweni, yenye wadudu, yaliyochemshwa kwa chumvi na maji, mwaka mzima. Tulipopata mshahara wa kwanza tulinunua nyama, na mpaka leo nyama inatuambia kwamba tumetoka kule. Anayeanza kupunguza akaenda kwenye chipsi na wali mweupe hajapata nafuu yoyote. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa, yakaungwa kwa kitunguu, nyanya na nazi au karanga, hayana undugu na yale ya bwenini, na mtu anahitaji kuyala hivyo mara kadhaa kabla mwili haujayasahau yale mengine.

Nyama ya Desemba siigusi. Watu wanapopanda Rombo, Marangu na Machame kwa Krismasi, mbuzi anachinjwa na kila kiungo kina mwenyewe kwa kufuata ukoo. Ndafu, yule mbuzi mzima wa harusini, akiingia ukumbini, familia mbili zimeunganishwa. Nyama hiyo inafanya kazi ambayo maharage hayajawahi kupewa, na kwa mwaka mzima kiasi chake ni kidogo. Ninayoipinga ni nyama ya Jumatano, ile isiyo na mgeni wala sherehe, inayoagizwa kwa sababu baa haina kitu kingine cha kuagiza. Baa nyingi za Moshi zinaanza asubuhi na mtori na zinamaliza usiku na choma, na katikati ya hapo hakuna chochote cha kihambani. Mama lishe wa Mbuyuni anauza ndizi na maharage mpaka saa nane mchana, na sufuria yake inaisha. Wenye baa waweke kiburu na loshoro kwenye menyu ya jioni, vipikwe na mtu anayevijua, viandikwe bei inayolingana na kazi yake.